Televisheni mbadala Lembeni: Umeme kwanza, inchi baadaye

WANUNUZI wengi wa televisheni huingia dukani na maswali mawili tu: inchi ngapi na shilingi ngapi. Kwa mkazi wa Lembeni, wilayani Mwanga, maswali hayo hayatoshi, na mara nyingi ndiyo chanzo cha hasara.

Mambo hutokea hivi. Kijana aliyeko Dar es Salaam ananunua televisheni mpya ya inchi 43 na kuamua ile ya zamani, ya ukubwa huo huo, aipeleke nyumbani kwa wazazi wakati wa sikukuu za Desemba. Nyumbani kwa wazazi hakuna Luku, kuna paneli moja ya sola na betri moja. Televisheni inawaka siku ya kwanza, watoto wanafurahi. Siku ya tatu betri imekwisha, taa za ndani hazitoshi hata kwa chakula cha jioni, na televisheni inafunikwa kitambaa hadi Desemba nyingine.

Televisheni ile haikuwa mbovu, na bei yake ilikuwa sifuri. Hata hivyo ilikuwa ghali, kwa sababu ilipelekwa katika nyumba ambayo umeme wake hauiwezi.

Hivyo basi, anayetaka kubadilisha televisheni iliyokufa, pamoja na mfanyabiashara anayetaka kujua aweke mzigo gani dukani, wanashauriwa kupanga hesabu zao kwa utaratibu huu: umeme kwanza, mawimbi pili, fundi na vipuri tatu, na inchi mwisho.

WANUNUZI WANNE TOFAUTI

Lembeni ipo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, kati ya Same na Mwanga mjini, chini ya Milima ya Pare Kaskazini. Reli ya Tanga hadi Moshi nayo inapita hapo. Upande wa magharibi ni tambarare kavu inayoelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na upande wa mashariki ni mlima, na huko juu ndiko ziliko Usangi na Ugweno.

Kutokana na jiografia hiyo, soko la televisheni hapo lina wanunuzi wa aina nne. Wa kwanza ni mwenye nyumba yenye umeme wa TANESCO. Wa pili ni mwenye mgahawa, grosari au saluni kando ya barabara. Wa tatu ni mwenye nyumba inayotumia sola, ama tambarare ama mlimani. Wa nne ni dereva wa lori la masafa marefu ambaye kabini ndiyo chumba chake cha kulala.

Wote wanne wanaweza kuingia duka moja siku moja wakiwa na fedha ile ile mfukoni. Haifai watoke na televisheni ya aina moja.

IMEKUFA AU IMEUGUA?

Kabla ya kuzungumzia kununua, ni vema kuhakikisha kwamba televisheni ya zamani imekufa kweli. Wapo wanaotupa chombo kilichohitaji kipuri kidogo, na wapo wanaomlipa fundi mara tatu kwa chombo kisichotengenezeka.

Kwa televisheni bapa za kisasa, dalili ni hizi. Ikiwa haiwaki kabisa, au taa nyekundu ya mbele inawaka na kuzimika, mara nyingi tatizo lipo kwenye bodi ya umeme. Ikiwa sauti inasikika lakini picha ni giza, na ukimulika kioo kwa tochi unaona picha kwa mbali, taa za nyuma ya kioo zimekufa. Matatizo hayo mawili fundi mwenye uzoefu huweza kuyatengeneza.

Lakini ikiwa kioo kimepasuka, au kina mistari ya kusimama isiyoondoka, au kimevuja wino mweusi kama doa, shughuli imekwisha. Kioo ndicho sehemu kubwa ya bei ya televisheni bapa, na kukibadilisha hugharimu karibu sawa na kununua nyingine.

Kanuni nyepesi ya kibiashara ni hii: kama gharama ya matengenezo haizidi theluthi moja ya bei ya televisheni nyingine ya ukubwa huo, na fundi yuko tayari kuandika waranti ya angalau miezi mitatu, tengeneza. Ikizidi hapo, fedha hiyo iwe mwanzo wa kununua nyingine.

Televisheni za chogo, yaani zile zenye mgongo mnene, zina hesabu yake. Wapo waliodhani kwamba zilikufa rasmi pale mitambo ya analojia ilipozimwa, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kuendelea katika miji mingine mwaka 2013. Sivyo. Chogo inaonyesha picha vizuri ikiunganishwa na king'amuzi kwa nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe. Kinachoiua ni vipuri, kwa kuwa viwanda vikubwa viliacha kuzitengeneza, na pia umeme inaokula.

HESABU YA LUKU

Kwa mwenye umeme wa TANESCO, tofauti ya matumizi kati ya televisheni moja na nyingine inaweza kuhesabiwa kwa penseli.

Chogo ya inchi 21 hutumia kiasi cha wati 70 hadi 100. Televisheni bapa ya LED ya inchi 32 hutumia kiasi cha wati 30 hadi 60. Kwa mfano huu tuchukue wati 90 kwa chogo na wati 40 kwa bapa.

Kwa bei za umeme zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa daraja la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo zinafika 122. Mteja wa kawaida wa daraja la T1 alipangiwa shilingi 292, ambazo pamoja na kodi na tozo zinafika kiasi cha 356.

Nyumba inayowasha televisheni saa tano kwa siku hutumia saa 150 kwa mwezi. Chogo itakula uniti 13.5, na bapa uniti 6. Tofauti ni uniti 7.5. Kwa mteja wa D1 hizo ni shilingi 915 kwa mwezi, au 32,940 kwa miaka mitatu. Kwa mteja wa T1 ni shilingi 2,670 kwa mwezi, au 96,120 kwa miaka mitatu.

Sasa mchukue mwenye mgahawa wa barabarani, ambaye yuko T1 na anawasha televisheni saa 14 kwa siku, yaani saa 420 kwa mwezi. Chogo itamla uniti 37.8 na bapa uniti 16.8. Tofauti ni uniti 21, sawa na shilingi 7,476 kila mwezi. Kwa miaka mitatu ni shilingi 269,136.

Maana ya hesabu hii ni kwamba ushauri hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Mama wa nyumbani aliye D1 mwenye chogo inayofanya kazi hana sababu ya kukimbilia kununua nyingine kwa ajili ya kuokoa umeme. Akiba yake ni ndogo mno. Mwenye mgahawa, kwa upande wake, anailipia televisheni mpya kupitia Luku bila kujua, ila hiyo mpya haipati.

Aidha, mteja wa D1 aangalie jambo moja zaidi. Akivuka uniti 75 kwa mwezi, uniti zinazozidi hutozwa bei ya juu, na akizoea kuvuka anaweza kuhamishiwa T1. Kwa nyumba iliyo karibu na mpaka huo, kwa mfano yenye jokofu na pasi, uniti saba au nane za chogo zinaweza kuwa ndizo zinazoisukuma nje.

Jambo jingine ni kwamba televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwanga mkali wa kuvutia wateja dukani. Ukiingia kwenye mipangilio na kuiweka kwenye picha ya nyumbani, matumizi hupungua na taa za nyuma hudumu zaidi. Huduma hiyo haina gharama, na muuzaji mzuri humfanyia mteja kabla ya kufunga boksi.

SOLA: HAPA NDIPO WENGI HUPOTEA

Kwa nyumba ya sola, kosa la inchi huonekana ndani ya siku tatu. Tuifanye hesabu ya ile televisheni ya inchi 43 iliyotoka Dar es Salaam.

Televisheni ya ukubwa huo hutumia kiasi cha wati 80. Kwa kuwa ni ya umeme wa volti 230, lazima ipitie kwenye inveta, ambayo nayo hupoteza sehemu ya umeme, hivyo betri inatoa kama wati 95. Ongeza king'amuzi, jumla ni kiasi cha wati 105. Kwa saa tano za jioni zinahitajika wati-saa 525.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini haifai kuishusha chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo zinazotumika ni 600. Televisheni peke yake imekula karibu zote, kabla ya taa hata moja kuwashwa au simu kuchajiwa. Ili kuirudishia betri hiyo umeme huo kila siku, inahitajika paneli ya wati 150 au zaidi, na jua lisikose.

Televisheni ya inchi 24 iliyotengenezwa kwa ajili ya volti 12, ambayo huchomekwa moja kwa moja bila inveta, hutumia kiasi cha wati 20. Pamoja na king'amuzi cha volti 12, jumla ni kama wati 32. Kwa saa tano ni wati-saa 160. Betri ile ile inabaki na akiba ya kutosha taa na simu, na paneli ya wati 50 inaweza kuimudu katika siku ya jua la kawaida la tambarare.

Kwa maneno mengine, anayechagua televisheni kubwa anachagua pia betri ya pili, paneli kubwa na inveta. Bei ya televisheni ikiongezwa bei ya vitu hivyo, ile ya inchi 24 ambayo dukani ilionekana ghali kwa ukubwa wake ndiyo inakuwa rahisi.

Zipo pia televisheni za mifumo miwili, zenye tundu la volti 12 nyuma na waya wa kawaida wa 230. Kwa eneo kama Lembeni, ambako jirani mmoja ana nguzo na mwingine hana, hizo zinafaa sana. Mwenye sola anayesubiri nguzo za mradi wa REA hatalazimika kununua televisheni nyingine siku umeme utakapofika.

Tahadhari: maneno "inatumia sola" yaliyoandikwa kwenye boksi hayatoshi. Mnunuzi asome kibandiko cha nyuma ya chombo chenyewe. Kama kimeandikwa DC 12V, ni ya betri. Kama kimeandikwa AC 100-240V peke yake, itahitaji inveta, hata kama boksi lina picha ya jua.

KABINI YA LORI

Madereva wanaolala kwenye malori huuliza zaidi televisheni za inchi 15 hadi 24 za volti 12. Kosa linaloua televisheni hizo ni moja: malori makubwa yana umeme wa volti 24, na injini ikiwa inanguruma volti hupanda hadi kufika 28. Televisheni ya volti 12 ikichomekwa humo moja kwa moja huungua, na hakuna waranti itakayoilipia.

Dawa yake ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye uwezo wa angalau ampea 5, pamoja na fyuzi. Dereva asikubali kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za lori, kwa sababu betri hiyo huchoka kabla ya mwenzake na zote mbili huishia kununuliwa upya.

Kwa nyumba na kwa kabini vilevile, waya wa volti 12 uwe mnene na mfupi. Waya mwembamba wa taa ukivutwa kutoka uani hadi sebuleni hupunguza nguvu njiani, televisheni inazimika yenyewe, na lawama zinamwangukia muuzaji.

MAWIMBI: ANTENA AU DISHI

Baada ya umeme, swali la pili ni picha itatoka wapi. Televisheni mpya nyingi zina kipokezi cha dijitali ndani yake, na wauzaji husema mnunuzi hahitaji king'amuzi. Kauli hiyo ni kweli kwa masharti.

Kwanza, kipokezi kiwe cha DVB-T2. Kile cha zamani cha DVB-T hakisomi mawimbi ya T2. Pili, kipokezi hicho hufungua chaneli zisizofungwa tu. Chaneli za kulipia bado zinataka king'amuzi au kadi ya kampuni husika. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa Upareni, mawimbi ya antena husafiri kwa mstari na mlima huyawekea kivuli. Nyumba mbili zilizo mwendo wa dakika kumi zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikipata picha safi na nyingine ikikosa kila kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia kipokezi cha ndani, mnunuzi aangalie juu ya mapaa ya majirani. Kama wote wana madishi na hakuna antena, jibu limekwishapatikana.

Dishi halisumbuliwi sana na milima ya Pare, na sababu inaeleweka. Setilaiti inayotumiwa na Azam TV, kwa mfano, ipo nyuzi 7 mashariki, wakati Lembeni ipo karibu na nyuzi 37 na nusu. Dishi hutazama upande wa magharibi na kuinuka zaidi ya nyuzi 50 kutoka usawa wa ardhi. Mlima upo mashariki, na mbele ya dishi ni tambarare. Hata aliyeko bondeni huko Usangi hufaidika, mradi asiwe na mti mkubwa au ukuta mrefu upande wa magharibi.

Mnunuzi aangalie pia matundu. King'amuzi cha zamani chenye nyaya tatu za rangi hakiingii kwenye televisheni yenye HDMI peke yake. Baadhi ya televisheni mpya zina tundu dogo la duara linalohitaji waya maalumu, ambao mara nyingi hukosekana kwenye boksi. Waya huo hauna bei kubwa, lakini kuufuata Moshi kwa nauli ya kwenda na kurudi huondoa unafuu wote.

Kuhusu televisheni za "smati", ni vema kukumbuka kwamba saa moja ya video ya kawaida kwa intaneti hula karibu GB 1, na video ya ubora wa juu huweza kufika GB 3. Kwa anayenunua bando la simu kila siku, smati ni jina tu. Asilipe zaidi kwa ajili yake.

MPYA AU MTUMBA

Televisheni ya mtumba inaweza kuwa nafuu ya kweli ikiwa itajaribiwa ipasavyo. Iwashwe kwa muda usiopungua nusu saa, kwa kuwa magonjwa mengi ya bodi hujitokeza chombo kikipata joto. Iwekwe picha nyeupe yote ili kuona madoa na rangi ya zambarau, ambayo ni dalili ya taa za nyuma kuchoka. Kisha iwekwe picha nyeusi yote ili kuona mwanga unaovuja pembeni. Matundu yote yachomekwe king'amuzi, si moja tu.

Kwa televisheni mpya, hatari kubwa ni jina la bandia. Herufi moja iliyobadilishwa kwenye jina la kampuni maarufu inatosha kumdanganya mtu mwenye haraka. Ukubwa nao hudanganywa. Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya kioo hadi kona ya mkabala, bila fremu. Inchi 24 ni sentimita 61, inchi 32 ni sentimita 81, na inchi 43 ni sentimita 109. Utepe wa fundi cherehani unatosha kumaliza ubishi.

BEI INATOKA WAPI

Mnunuzi anayeambiwa bei ya chini mno ajiulize ilipatikanaje. Kwa mujibu wa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005, bidhaa zilizokamilika kutoka nje zilipangiwa asilimia 25. Juu yake huja VAT, ambayo mwaka 2009 ilishushwa Tanzania Bara kutoka asilimia 20 hadi 18. Kwa viwango hivyo, televisheni iliyofika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 100,000 inafika 147,500 kabla ya tozo nyinginezo, usafiri na faida ya Kariakoo.

Mpaka wa Holili na Taveta haupo mbali na Mwanga, na njia za panya zinajulikana. Televisheni iliyopita huko inaweza kuuzwa kwa bei ya kutupa, lakini haina risiti ya EFD wala waranti ya maana. Kwa mnunuzi mmoja hiyo ni hatari ya kupoteza televisheni moja. Kwa mwenye duka ni hatari ya kupoteza mtaji wote siku moja, pamoja na faini. Bidhaa bandia nazo zinaweza kukamatwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Mikopo ya sola nayo ihesabiwe. Tuseme seti yenye televisheni inauzwa shilingi 400,000 taslimu, au kwa kianzio cha 60,000 na 1,500 kila siku kwa siku 365. Jumla ya mkopo ni 607,500. Ile 207,500 ya ziada ni bei ya kusubiriwa. Kwa mtu asiye na njia ya kukusanya fedha taslimu inaweza kustahili, lakini aijue.

Tena aulize: seti hiyo ikishalipwa, itafanya kazi na betri ya kampuni nyingine? Kampuni hizi hubadilika. Mobisol, iliyouza mifumo mingi Tanzania kwa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, iliingia katika ufilisi nchini Ujerumani mwaka 2019 na kununuliwa na Engie mwaka huo huo. Televisheni yenye tundu la kawaida la volti 12 haimtegemei mtu mmoja.

KWA MWENYE DUKA

Mfanyabiashara mdogo wa Lembeni anayefuata mzigo Moshi au Dar es Salaam ana adui mmoja mkubwa kuliko bei, nayo ni kioo kupasuka njiani.

Tuseme ana mtaji wa shilingi milioni 3 na ananunua televisheni kumi za shilingi 300,000, akitarajia faida ya 30,000 kwa kila moja. Moja ikipasuka, zile tisa zitampa faida ya 270,000, wakati hasara ni 300,000. Amefanya kazi mwezi mzima na kurudi nyuma kwa shilingi 30,000, bado nauli na pango.

Kwa sababu hiyo, televisheni bapa isafirishwe ikiwa imesimama, kamwe isilazwe wala kuwekewa mzigo juu. Kwenye buti ya basi iwe ya mwisho kuingia na ya kwanza kutoka, na stakabadhi ya kifurushi itaje kwamba ni kioo. Ikipandishwa Usangi au Ugweno kwa bodaboda, ibebwe na abiria wa pili, si kufungwa kwa mpira nyuma. Na ifunguliwe na kuwashwa mbele ya aliyeileta kabla hajaondoka.

Kuhusu uchaguzi wa mzigo, hesabu za hapo juu zinaonyesha njia. Badala ya kujaza duka inchi 43 zinazopendeza ukutani, ni salama zaidi kuwa na inchi 24 na 32 za mifumo miwili, ambazo wanunuzi wote wanne wanaweza kuzitumia. Inchi 43 iwe moja ya maonyesho, na nyingine ziagizwe mteja akishalipa kianzio. Pembeni ziwekwe bidhaa ndogo: waya za HDMI, waya za rangi, vifaa vya kushusha volti 24, fyuzi, na vifaa vya kukinga televisheni dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Faida ya vitu hivyo ni ndogo kwa kimoja, lakini havipasuki.

Msimu nao uangaliwe. Desemba watu hurudi nyumbani kutoka mijini, na mashindano makubwa ya mpira huongeza wateja. Mwezi Septemba 2023 CAF ilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON ya 2027. Katika vipindi vya aina hiyo mwenye duka anayenunua mzigo wiki ya mwisho hununua kwa bei ya wenye haraka, na anayebaki nao baada ya fainali huuza kwa bei ya wenye shida.

KWA KIFUPI

Mwenye Luku ya D1 na chogo inayofanya kazi: asubiri, atafute fedha taratibu, kisha achukue inchi 32.

Mwenye mgahawa au grosari ya T1: abadilishe chogo mapema, na achague bapa ya matumizi madogo yenye waranti ya maandishi.

Mwenye sola: inchi 24 ya volti 12 au ya mifumo miwili, asipite hapo bila kuongeza betri na paneli.

Dereva wa lori: volti 12, kifaa cha kushusha volti, na fyuzi.

Na kwa kijana aliyeko mjini anayetaka kumpelekea mzee televisheni Desemba, kabla ya kufunga boksi apige simu moja nyumbani na kuuliza: betri ya huko ni ampea ngapi?